Muhuri wa Pande Zote Mbili

Tarehe sita ya mwezi uliopita tulimpoteza Baba. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki nje ya bucha yetu hapa Shinyalu, chai ameimaliza, na mteja aliyekuja kununua nusu kilo alidhani amesinzia. Mteja akaona haya kumwamsha. Akaenda kununua sukari, akarudi, akasimama tena. Hivyo ndivyo Baba alivyoondoka, bila kumsumbua mtu, ila huyo mmoja aliyekosa nyama.

Baada ya mazishi mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusafisha bucha. Nyuma ya mlango nilikuta koti lake jeupe la kazi. Nikalinusa: mafuta ya ng'ombe, sabuni ya kipande, na jasho lake. Wenzangu walitegemea nilie. Nilicheka, nikacheka mpaka mama mwenye duka la jirani akaja kuchungulia kama niko sawa. Nilikuwa nimekumbuka ule mwaka wa uboho. Mimi si mtu wa kuandika, shule niliishia darasa la nane, lakini nyinyi wa rika langu mliokulia huku mtanielewa, kwa hiyo nitajaribu.

Kwanza niwaambie nyama hupitia wapi kabla haijafika kwenye kulabu. Wakati wa likizo Baba alikuwa akinichukua asubuhi kwenda kichinjioni, nimbebee dishi la matumbo. Ng'ombe akishachunwa, alipasuliwa kwa shoka kuanzia mkiani mpaka shingoni kufuata uti wa mgongo, nusu ikaning'inizwa huku na nusu kule. Halafu sote tulingoja. Tulimngoja mkaguzi wa nyama, aliyekuja na pikipiki, viatu vyake vya mpira vimefungwa nyuma kwa kamba. Jina lake halisi sikuwahi kulijua. Watoto tulimwita Bwana Muhuri.

Bwana Muhuri hakuwa na haraka. Alikagua kila nusu peke yake. Alipasua tezi, akabonyeza, akanusa, akalifungua ini kama mtu anayefungua Biblia. Akiridhika, alichovya muhuri kwenye wino wa zambarau, akapiga pa! kwenye paja, pa! kwenye ubavu, pa! kwenye bega. Kisha akahamia nusu ya pili na kuanza upya. Asiporidhika alinyoosha kidole tu, na kitu kile kikatupwa shimoni na kumwagiwa mafuta ya taa, ili mbwa wasikifukue, wala majirani. Siku moja Baba alipoteza nusu nzima ya fahali kwa sababu ya usaha uliokutwa kwenye nyonga. Nusu nyingine ikapigwa muhuri na kuuzwa hadi ikaisha. Kwa hiyo mimi nilijua, kabla sijajua kusoma saa, kwamba chenye muhuri kinabaki na kisicho na muhuri kinatupwa, na kwamba pande mbili za kiumbe kimoja zinaweza kuhukumiwa tofauti.

Nilikuwa na miaka minane. Ndugu yangu Hezroni alikuwa na minne. Mwaka huo tumbo lake lilianza kuvimba upande mmoja. Mama aliligundua akimwogesha: gumu, kama amemeza jiwe la kusugulia miguu. Miguu ikawa miembamba, na obusuma, ugali wetu, akawa anaufinyanga kuwa ng'ombe badala ya kuula. Majirani walisema ni minyoo. Akapewa dawa ya minyoo, minyoo haikutoka. Akapelekwa zahanati, na zahanati ikampeleka hospitali kubwa mjini Kakamega, na huko akapigwa picha nyingi kuliko bibi harusi.

Siku ya kuelezwa majibu ya picha nilikuwepo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniacha naye. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, na sauti ya chini iliyokulazimisha usogee. Alichora figo nyuma ya karatasi, juu yake akachora kitu kama kiazi.

"Uvimbe uko hapa," alisema. "Ni saratani ya watoto. Kabla hatujaamua tunamtibu vipi, lazima tujue kama imeshaingia kwenye uboho wa mifupa. Tutamlaza kwa dawa ya usingizi, tuchome sindano hapa nyuma kwenye nyonga, tutoe uboho kidogo na kipande kidogo sana cha mfupa, tukague kwa hadubini. Uboho ukiwa safi, njia yetu ni fupi. Ukiwa na ugonjwa, njia ni ndefu na ngumu, na siwezi kuwaahidi kitu."

Mama alikuwa ameshika vidole vya Hezroni, vyote kwa mkupuo, kama fungu la sukuma wiki. Baba alikuwa amekunja uso. Nilifikiri amekasirika. Kumbe alikuwa amesikia neno la kazi yake.

"Daktari," akasema, "kwa heshima yako. Nyonga haina uboho wa maana. Uboho mwingi uko kwenye paja. Mimi nimevunja mifupa miaka kumi na tano."

"Ya nani, mzee?"

"Ya ng'ombe."

"Kwa ng'ombe sawa. Wangu ni huyu."

"Huyu bado mdogo, wake utakuwa mwekundu, kama wa ndama. Wa mzee ndio unakuwanga mweupe, mafuta matupu."

Daktari akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Hiyo ni kweli kabisa. Umesomea wapi?"

"Kwenye gogo," akajibu Baba.

"Baba Mmbone, acha daktari aongee," Mama akanong'ona. Mmbone ni mimi.

Daktari akaendelea. "Tutachukua pande zote mbili. Nyonga ya kulia na nyonga ya kushoto."

"Mbona mbili? Mtoto si ni mmoja?"

"Ugonjwa huu hujificha. Unaweza kuwa upande mmoja, na mwingine usiwe nao. Nikikagua mmoja tu naweza kudanganyika."

 Baba akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Na mimi pia nililijua. Nililijua kupita kiasi. Mwili ulipozizima pale kwenye benchi, haikuwa kwa ajili ya saratani, neno ambalo kwangu lilikuwa kama jina la kijiji. Ilikuwa ni kwa sababu nilielewa wazi kabisa kwamba siku ya Alhamisi Hezroni atakaguliwa nusu kwa nusu, na nusu isiyofaa itatupwa.

Siku mbili nzima nilibeba jambo hilo peke yangu. Sikuuliza mtu. Kwetu mtoto hakuulizanga mambo ya hospitali, alitumwa maji. Nilipokuwa nateka maji nilijaribu kuchagua. Wakiikataa nusu ya kulia, atabaki na mkono wa kushoto, na mwalimu wa chekechea huchapa wanaoandika kwa kushoto. Wakiikataa ya kushoto, atapiga mpira vizuri lakini moyo je? Mwisho niliamua kwamba simtaki ndugu wa nusu. Namtaka wote, hata kama anakojoa kitandani.

Jumatano mchana Mama alikwenda kukopa shuka nzuri ya kwenda nayo hospitali. Nikachukua kiazi, nikakikata katikati, na kwa wembe wa Baba nikachonga duara na ndani yake neno IMEPITA. Muhuri halisi uliandikwa nini sikujua, ila niliona hilo litatosha. Wino nilikuwa nao: juu ya kabati kulikuwa na kichupa cha GV, ile dawa ya zambarau tuliyopakwa mdomoni tukiwa na vidonda. Rangi ni ileile. Hata Bwana Muhuri mwenyewe asingeweza kutofautisha.

Kilichobaki ni kumshawishi ng'ombe.

"Vua kaptula," nikamwambia.

"Sitaki. Utanichapa."

"Sikuchapi. Nakupiga muhuri."

"Wa nini?"

"Wa kurudi nyumbani."

Akafikiri. "Unanipa nini?"

Nilimpa mandazi niliyoificha tangu asubuhi, akalala kifudifudi juu ya mkeka, anatafuna. Nikachovya. Pa! nyonga ya kulia. Pa! ya kushoto. Alicheka mpaka akapaliwa, alisema ni baridi kama pua ya mbwa. Halafu akageuka chali, akapandisha shati.

"Na tumboni, Dada! Weka na tumboni!"

"Tumbo halipigwi muhuri. Matumbo yanauzwanga bila muhuri."

"Moja tu!"

"Hezroni, hii ni kazi, sio mchezo."

Nikapuliza mpaka ikakauka, nikamvika kaptula, kiazi nikakitupa chooni. Usiku ule nililala kama mtu aliyelipa deni. Mama alimwogesha asubuhi gizani, taa imekatika, hakuona kitu.

Hospitalini tuliketi nje ya chumba, mimi, Mama na Baba. Hezroni alikuwa ameingizwa na nesi. Mlango haukukawia kufunguka. Daktari alitoka, miwani iko usoni, na sauti yake siku hiyo haikuwa ya chini.

"Wazazi wa Hezroni, njooni ndani. Wote wawili."

Nikaingia nao, kwa kuwa hakuna aliyenikataza. Hezroni alikuwa amelazwa kwa ubavu, bado macho, anamchekea nesi. Na pale nyuma, chini ya taa kubwa nyeupe, mihuri yangu miwili iling'aa. Niliona ilivyotoka vizuri nikaona fahari.

"Mmempeleka kwa mganga?" Daktari akauliza. "Sigombi. Nataka kujua tu amepakwa nini, maana ninakwenda kuchoma sindano hapo hapo."

Mama akashika kichwa. "Mganga? Sisi ni watu wa kanisa!" Kisha akageuka. "Baba Mmbone. Umemfanyia nini mtoto?"

"Mimi?"

"Nani mwingine kwa hii nyumba ana muhuri?"

 Baba alikuwa ameinama karibu na makalio ya mwanawe, mikono nyuma, akikagua kama anavyokagua nyama ya mshindani wake. Akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule.

"Huu ni muhuri wa kichinjio," akatamka. "Lakini si wetu. Maandishi yamekwenda kinyumenyume. Mama Mmbone, ningekuwa mimi, ungesomeka."

Nesi alitoka nje. Tulimsikia akicheka huko ukumbini kama mtu anayekohoa.

Ndipo niliposhindwa kujizuia. Nililia kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi Mukumu. "Imepita! Yote mbili imepita! Msimtupe! Hata mkiona usaha msimtupe upande!"

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa Baba. Nilimwona anaelewa. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona, ukalegea wote kwa mara moja, kama gunia lililofunguliwa kamba. Akamweleza Daktari kwa maneno machache habari za kichinjio, nusu mbili, na shimo.

Daktari hakucheka. Alichuchumaa mpaka miwani yake ikawa sawa na macho yangu.

"Mmbone, huyo wenu wa muhuri, akikuta kibaya anafanya nini?"

"Anatupa."

"Mimi nikikuta kibaya, mtoto huyo ndiye nakaa naye zaidi. Simtupi, wala nusu, wala robo. Umesikia?"

"Wala kidole?"

"Wala ukucha."

Nikauliza kama ananidanganya. Akasema hana muda wa kudanganya, ana watoto wengine wanne wanaongoja. Hilo liliniridhisha kuliko kiapo. Kisha akamwambia nesi, aliyekuwa amerudi akipangusa macho, asugue pale mahali. Nesi alisugua kwa spiriti, akasugua kwa iodini, na zambarau haikutoka. Wote waliowahi kupakwa GV wanajua. "Afadhali ni dawa ya kuua vijidudu," Daktari akasema. "Angepaka wino tungerudi nyumbani." Wakamlaza usingizi, nasi tukatolewa nje. Baadaye niliambiwa sindano ilipita katikati kabisa ya duara, kulia na kushoto.

Nyumbani hawakunichapa. Mama alitaka. Baba alisema, "Mwache, alikuwa anafanya kazi."

Tuliambiwa tungoje majibu wiki moja na nusu. Kwa watu wa Shinyalu hiyo ndiyo wiki ambayo bucha yetu haikuuza mifupa. Wateja walikuja na vyungu vyao vya supu, Baba akawaambia mifupa hakuna, hali mifupa wanaiona nyuma yake imejaa karai.

"Na ile ni nini, mzee?"

"Ile haiuzwi."

"Unaiweka mapambo?"

"Imefungwa. Nyama iko."

Alikuwa hawezi kuinua shoka juu ya mfupa. Mimi nilidhani shoka limekuwa butu, nikampelekea jiwe la kunolea. Akanishukuru, akaliweka kando.

Hata Bwana Muhuri alishangaa, kwa maana yeye na Baba walikuwa wakigombania kila ini. Wiki hiyo alilikataa ini zuri kwa mtazamo wangu, na Baba hakuligombania. Badala yake akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Wewe ukiona upande mmoja ni mzuri, ule mwingine moyoni unautegemea uweje?"

Bwana Muhuri akafuta kisu chake. "Mzee, mimi sitegemei. Naangalia tu." Akafunga viatu vyake kwenye pikipiki, halafu akarudi hatua mbili. "Lakini wako ninautegemea uwe mzuri," akasema, akaondoka haraka kama mtu aliyesema jambo la aibu.

Siku ya majibu iliangukia siku ya kuchinja. Baba alitoka kichinjioni moja kwa moja, akatukuta mimi, Mama na Hezroni ukumbini hospitalini akiwa bado na koti lake jeupe, tone moja la damu kwenye mfuko. Alipoketi tu, watu wa benchi zima walijiweka sawa. Mzee mmoja akavua kofia.

"Daktari, sisi tumekuwa hapa tangu asubuhi," akasema mwanamke mmoja, na kabla Baba hajafungua mdomo amemshikisha picha yake ya eksirei. Baba hakuzoea kukataa kitu alichopewa kwa mikono miwili. Akaiinua dirishani, akaitazama kwa makini.

"Mama," akasema, "ubavu wako ni mzuri sana."

"Asante Yesu!" mwanamke akapaza sauti. "Na kikohozi je?"

"Kikohozi sijui. Mimi ni wa ng'ombe."

Nesi yuleyule akatokea, akamnyang'anya picha, akamwambia avue koti au aondoke. Baba akavua, akaliviringa, akalikalia. Mama alikuwa ameinama anacheka ndani ya leso, machozi yanamtoka, na ghafla hayakuwa tena machozi ya kicheko. Nilimshika goti. Hapo jina la Hezroni likaitwa.

Daktari hakutuzungusha. Hata kuketi hatukuwahi. "Kulia ni safi," akasema. "Kushoto ni safi."

Baba akasema, "Rudia kushoto."

"Safi."

"Na kulia?"

"Mzee, safi. Haijaingia kwenye uboho. Bado kuna upasuaji, na bado kuna dawa, na dawa hizo ni kali. Lakini njia ni ile fupi."

Upasuaji ulifanyika, na dawa zilikuja, nywele zikaanguka zote zikaota tena zimejikunja kuliko mwanzo. Hayo Hezroni huyasimulia mwenyewe, na huyatia chumvi. Mimi nabaki kwenye chumba kile, kwa sababu Baba alikataa kutoka.

"Daktari," akasema, "si kwamba sikuamini. Lakini mimi ni mtu wa biashara ya kuona kwa macho. Nionyeshe."

Daktari akatazama saa. Akatazama foleni nje. Kisha akasogeza hadubini iliyokuwa pembeni ya meza, akaweka kijioo chembamba chini yake, akazungusha zungusha. "Njoo. Tazama hapa. Usiguse."

Baba akainama.  Mama akajikohoza.

"Hivi vidogo vyote," Baba akauliza akiwa bado ameinama, "ni vyake?"

"Ni vyake vyote."

"Hakuna mgeni?"

"Hakuna mgeni hata mmoja."

Akaendelea kuinama. Daktari akasogea, akamchungulia kwa upande, akasema kwa upole, "Mzee, umefunga macho yote mawili."

"Najua," Baba akasema. "Ngoja kidogo."

Tukangoja. Pua yake ilipiga kelele moja, akanyooka, akageukia ukutani kusoma bango la kunawa mikono. Zamu yangu ilipofika niliona vidoadoa vingi, vingine vikubwa vingine vidogo, vimekaa karibu karibu kama watu wa kwaya. Sikuona kitu cha kutupa. Hezroni akaanza kuruka akidai naye aone, kwa kuwa ni vyake. Baba akarudi, akamwinua, akamshikilia juu ya kile kitundu kwa mikono yote miwili. Hezroni alitazama, mdomo wazi.

"Baba," akasema, "mbona niko wengi?"

Baba alifikiri, kisha akamjibu sikioni. "Kaeni hivyo hivyo," alisema.